Chuma Hiki Kimetanuka, Kile Kimetulia: Kutafuta Chanzo kwa Sumaku na Maji ya Moto

Karakana nyingi hapa Kigoma, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, zina kipande cha sumaku kilichong'olewa kwenye spika mbovu. Kazi yake kubwa ni kuokota boliti zilizodondokea mchangani. Sumaku hiyo ina kazi kubwa kuliko hiyo. Inaweza kukuambia, kabla hujawasha gesi, kama vyuma viwili ulivyoshika mkononi vitatanuka pamoja au vitagombana. Kazi nyingi tunazorudishiwa na wateja zikiwa zimepasuka, zimelegea au zimeng'ang'ania zimeharibika kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo mapema.

Nambari za kushika kichwani

Chukua chuma cha urefu wa mita 1, kiongezee joto nyuzi 1 ya Selsiasi. Chuma cha kawaida, cha nondo au shafti, kitarefuka takriban mikroni 12 (mikroni 1,000 ni milimita 1). Chuma cha kutupwa, kile cha bloku ya injini, karibu 11. Chuma cha pua aina ya 304, kile kisichoshikwa na sumaku na ambacho ndicho kimejaa madukani, mikroni 17. Chuma cha pua aina ya 430, kinachoshikwa na sumaku, kama 10 hivi. Aluminiamu ni 23.

Halafu kuna aloi ya chuma yenye nikeli asilimia 36, iitwayo Invar. Yenyewe hurefuka mikroni 1 na kidogo tu, sehemu moja ya kumi ya chuma cha kawaida. Iligunduliwa mwaka 1896 na Charles Édouard Guillaume, Mswisi aliyefanya kazi kwenye Ofisi ya Kimataifa ya Mizani na Vipimo karibu na Paris. Alikuwa akitafuta metali ya bei nafuu ya kutengenezea vipimo vya urefu, kwa kuwa aloi ya platini na iridi ilikuwa ghali mno. Mwaka 1920 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Sumaku inaingiaje hapo

Joto huzitetemesha atomi, na mtetemo huo huzifanya zisogee mbali zaidi. Hilo ni la metali zote. Kwenye chuma kuna jambo la pili. Kila atomi ya chuma ni kisumaku kidogo, na visumaku hivyo vikijipanga upande mmoja, atomi hudai nafasi kubwa kuliko vinapokuwa vimevurugika. Ukiongeza joto, mpango wao hulegea kidogo kidogo na nafasi ile ya ziada hupotea. Mtetemo unasukuma nje, kulegea kwa usumaku kunarudisha ndani.

Kwenye chuma cha kawaida, kule kurudi ndani ni kudogo; kwa maikromita ya karakana hutakuona. Kwenye Invar pande hizo mbili zinakaribia kutoshana nguvu, ndiyo maana haisogei. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha California walipima kila upande peke yake, mtetemo mbali na usumaku mbali, wakaonyesha kwamba michango hiyo miwili kweli hufutana.

Jambo ambalo fundi asipolielewa atababaishwa ni hili: atomi za Invar na atomi za chuma cha pua cha 304 zimepangwa kwa umbo moja. Zote ni chuma chenye nikeli ndani. Lakini moja hutanuka mikroni 1 na nyingine 17. Tofauti kubwa kati yao ni usumaku: Invar inao, 304 haina katika joto tunalofanyia kazi. Hata chuma safi kikipashwa kupita nyuzi 912, ambapo atomi zake hujipanga upya kwa umbo hilohilo, hutanuka kwa kasi ya karibu mikroni 23.

Kila aloi ina joto ambalo mpango wa visumaku huvunjika kabisa, liitwalo joto la Curie. Kwa chuma safi ni nyuzi 770. Kwa Invar ni kati ya 230 na 280, kutegemea mchanganyiko. Ukivuka hapo, Invar huanza kutanuka kama wenzake, tena kwa kasi kuliko nondo. Kumbuka nambari hizo, tutazirudia kwenye pasi.

Sumaku inaposhindwa kukujibu

Sumaku hukata mashauri mengi, lakini si yote. Itashika nondo na itashika Invar pia, hivyo haiwezi kuzitenganisha. Itashika kidogo kwenye kona ya 304 iliyokunjwa kwa nguvu, kwa sababu kukunja hugeuza sehemu ya chuma hicho kuwa cha sumaku. Itashika kidogo pia kwenye weldi ya chuma cha pua iliyo salama kabisa. Kwa hiyo pima katikati ya bapa, mbali na kona na mbali na weldi.

Ukibaki na shaka, tumia maji ya kuchemka. Tafuta fimbo ya urefu wa milimita 300, au kata kipande cha urefu huo. Simamisha dayo geji (kipimo chenye sindano cha msogeo mdogo) juu ya kitako ambacho hakitaguswa na joto, weka ncha yake kwenye kichwa cha fimbo, kisha mwagia maji yanayochemka kwenye bomba ulilolizungushia fimbo hiyo. Hapa Kigoma, juu ya ziwa lililo karibu mita 770 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Tabora iko juu zaidi, kwa hiyo kule ni kama 96. Ukianzia nyuzi 25, fimbo ya chuma cha kawaida itapanda karibu milimita 0.26. Ya 304 itapanda 0.37. Ya Invar haitafika 0.03, na sindano ya geji itaonekana kama imegoma. Fanya na fimbo ya nondo unayoijua kwa ulinganisho, maana kifaa chenyewe nacho hupata joto kikadanganya. Jaribio hili ni la dakika chache, na linashinda maneno yote ya muuza vyuma chakavu.

Dalili: nati inakaza zaidi kila unapoichoma

Hii huonekana sana kwenye boti, ambako watu hutumia boliti za chuma cha pua ili zisiliwe na kutu, halafu nati ikipotea huwekwa ya chuma cha kawaida. Fundi anakuja na gesi, anachoma nati na boliti vyote mpaka vinawiva, anakaza spana, haitoki.

Jaribu sumaku. Ikishika nati ikaacha boliti, chanzo umekipata. Boliti ya milimita 20 ikipanda nyuzi 300 hunenepa mikroni 102. Tundu la nati hupanuka mikroni 72 tu. Mikroni 30 za tofauti zinatosha kumaliza nafasi iliyobaki kwenye uzi. Unavyochoma ndivyo unavyoiziba.

Elekeza moto mdogo mkali kwenye nati pekee, haraka, ukizunguka, na boliti uiwekee kitambaa chenye maji. Nati ipate joto kabla boliti haijapata. Au acha vyote vipoe kabisa, tia mafuta ya kupenya, na ufungue baridi. Ikiwa mambo ni kinyume, nati ya pua juu ya boliti ya kawaida, choma bila wasiwasi: joto liko upande wako. Na ikiwa zote mbili zinakataa sumaku, huenda tatizo si joto kabisa, bali nyuzi za chuma cha pua zimekwanguana na kushikana. Hapo hakuna moto utakaokusaidia, kata.

Dalili: bomba la moshi linapasuka palepale, kila baada ya muda

Bomba limechomelewa kwenye flanji, linapasuka kandokando ya weldi. Linachomelewa tena, linapasuka sentimita moja pembeni. Mara nyingi lawama humwangukia mchomeleaji. Kabla ya kumlaumu, pitisha sumaku pande mbili za ufa.

Ikiwa bomba halishiki na flanji inashika, umeunganisha 17 na 12. Bomba la nusu mita likipanda nyuzi 400 hurefuka kuliko chuma cha kawaida cha urefu huohuo kwa karibu milimita 1. Likifungwa kwa ukali pande zote mbili, hiyo milimita haina pa kwenda isipokuwa ndani ya weldi, kila injini inapowaka na kila inapozimwa.

Dawa yake si kuongeza weldi nene. Ama tafuta bomba la chuma cha pua kinachoshikwa na sumaku, ambalo hutanuka karibu sawa na flanji na bado huvumilia moshi kuliko bomba la kawaida, ama liachie bomba upande mmoja uwe na kishikio kinachoteleza au kipande cha bomba lenye mikunjo. Ikiwa sumaku inashika pande zote mbili na bado linapasuka, acha habari za kutanuka. Angalia mtikisiko, hasa raba za kushikilia injini.

Dalili: ringi ya juu imelegea kwenye mfereji wake

Mashine za kusaga za dizeli kule Kasulu na Uvinza hufanya kazi nzito, na pistoni zake hununuliwa popote zinapopatikana. Pistoni nzuri ya aluminiamu ya dizeli huwa na pete ya chuma cha kutupwa iliyozamishwa ndani yake, ambamo mfereji wa ringi ya kwanza hukatwa. Pete hiyo si chuma chochote. Ni chuma cha kutupwa chenye nikeli nyingi, kisicho na usumaku, kiitwacho Ni-Resist. Na hapa kuna jambo zuri la kufikiria: wahandisi walikichagua kwa sababu kinatanuka *sana*, kama mikroni 18, ili kiende pamoja na aluminiamu ya pistoni ambayo ni kama 20. Chuma cha kutupwa chenye usumaku, chenye 11, kingeachwa nyuma. Kwenye kipenyo cha milimita 100 na nyuzi 200 za kupanda, Ni-Resist hubaki nyuma ya aluminiamu kwa milimita 0.04. Chuma cha kutupwa cha kawaida hubaki nyuma kwa 0.18, na pete hulegea, hugongagonga, hatimaye hutoka na kipande cha pistoni.

Ukaguzi: toa ringi kwanza, maana ringi yenyewe ni ya sumaku. Kisha gusa ukingo wa mfereji wa juu kwa sumaku ndogo. Ikishika kwa nguvu, pete ni ya chuma cha kawaida, irudishe pistoni dukani. Isiposhika, usishangilie bado. Aluminiamu nayo haishiki, na kuna pistoni zisizo na pete kabisa. Tafuta mstari wa rangi tofauti unaozunguka mfereji. Kwaruza kwa ncha ya faili, chuma kitakuwa kigumu na aluminiamu itachubuka. Mstari upo, ni mgumu na haushiki sumaku: hiyo ndiyo pistoni.

Dalili: pasi inakata vizuri kwenye hariri, kwenye pamba inaunguza

Ndani ya pasi ya umeme kuna utepe wa metali mbili zilizobanwa pamoja. Upande mmoja hutanuka sana, upande mwingine ni wa familia ya Invar. Joto likipanda, upande wa kwanza humshinda wa pili, utepe hupinda na kutenganisha ncha za umeme. Sakiti breka nyingi hufanya kazi kwa utepe wa namna hiyo, ndiyo maana breka iliyo kwenye boksi linalopigwa na jua la saa nane hukata kabla ya wakati wake. Ihamishie kivulini kabla hujainunulia mpya.

Turudi kwenye pasi. Kuna dalili mbili zinazofanana ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza: pasi inakosea kwa kiasi kilekile kwenye kila alama, hariri, sufu, pamba. Utepe umepindishwa moja kwa moja, pengine pasi iliwahi kuwaka usiku kucha ncha zikiwa zimeshikana. Safisha ncha kwa msasa laini, kisha rekebisha skrubu ndogo ya katikati mpaka alama zirudi. Ikiwa ncha zimeyeyukiana, skrubu haitasaidia, badilisha thamostati.

Ya pili ndiyo inayohusu somo letu: alama za chini ziko sawa, ya juu inapitiliza. Kwenye alama ya pamba bamba la pasi huwa karibu na nyuzi 200. Utepe wenye Invar ya nikeli 36 hapo unakaribia joto lake la Curie. Upande uliotakiwa kutulia nao umeanza kurefuka, pande mbili zinakimbia pamoja, na utepe haupindi vya kutosha kukata. Hakuna skrubu ya kurekebisha hilo, kwa sababu ukiivuta alama ya juu irudi, ya chini itakata kabla pasi haijapata joto. Sababu ya kawaida ni kwamba mtu alibandika thamostati ya kifaa kingine cha joto dogo. Tepe za joto kubwa hutumia nikeli zaidi, kama asilimia 42. Aloi hiyo hutanuka karibu mikroni 5, haijatulia kama Invar, lakini usumaku wake huvumilia mpaka zaidi ya nyuzi 300. Tafuta thamostati iliyotoka kwenye pasi, si kwenye birika wala hita.

Dalili: vipimo vya kiwanja vya asubuhi na vya mchana havikubaliani

Mkanda wa chuma wa mita 30 hutengenezwa uwe sahihi kwenye nyuzi 20. Ukilazwa juani Tabora mwezi Oktoba unaweza kufika nyuzi 45 ukiwa chini, na hapo umerefuka milimita 9. Mkanda uliorefuka husoma pungufu: kwenye mita 300 unapoteza sentimita 9 hivi. Pima mstari mmoja alfajiri na saa saba mchana kwa mvuto uleule. Tofauti ikiwa chini ya sentimita moja kwa kila mkanda, ni joto. Fanya hesabu ya kurekebisha au pima asubuhi. Ikizidi hapo, lawama ni ya mvuto, ya mkanda kuning'inia katikati, au ya mkono.

Kabla ya vifaa vya mwanga na setilaiti, wapima ardhi wakubwa waliikwepa shida hii kwa riboni na nyaya za Invar. Sisi wa Kigoma tunaishi karibu kabisa na meridiani ya 30 (mstari wa longitudo ya nyuzi 30 mashariki), ambayo Mwingereza Martin Hotine aliisimamia upimaji wake kwa upande wa Tanganyika kati ya 1931 na 1933. Ukikutana na riboni ya Invar kwenye stoo ya ofisi ya zamani, iheshimu. Usiikunje kwa ukali wala kuigonga wala kuipasha moto. Mambo hayo hubadilisha mtanuko wake, na hata ikiachwa yenyewe hurefuka kidogo sana kadiri miaka inavyopita, jambo ambalo Guillaume mwenyewe alilipima.

Saa ya pendulumu yenye fimbo ya chuma iko kwenye kundi hilohilo: hupoteza nusu sekunde kwa siku kwa kila nyuzi 1 ya joto. Kwa hiyo saa inayochelewa dakika tano kwa wiki haijaharibiwa na kiangazi. Ifungue, isafishe.

Dalili: mabaka ya rangi kwenye TV ya chogo

Zimebaki chache, lakini bado zinaletwa. Nyuma ya kioo kuna bati jembamba lenye matundu. Mabaka yakiwepo tangu unawasha, bati limeshika usumaku; zungusha koili ya kuondoa sumaku na kagua ile iliyomo ndani ya TV. Mabaka yakitokea baada ya picha nyeupe kukaa muda mrefu, kisha yakaondoka picha ikibadilika, bati linabenuka kwa joto. Hilo hutokea kwenye bati la chuma cha kawaida. TV za bei juu ziliwekewa la Invar. Punguza mwanga wa picha, hakuna tiba nyingine.

Dalili: patasi ya springi ya gari inapasuka ikizimwa

Mhunzi hupima joto kwa sumaku, na ni kipimo kizuri: chuma kikiacha kushikwa, kimefika karibu nyuzi 770. Hapo atomi zake zinaelekea kwenye umbo lililosongamana zaidi, lisilo na usumaku. Unapokizima, yaani kukichovya kipoe haraka, zinarudi ghafla kwenye umbo la sumaku, ambalo ni pana, na chuma huvimba wakati huohuo kinapotakiwa kusinyaa. Ngozi ya nje hukauka kwanza ikawa ngumu, kisha moyo wa ndani unavimba na kuipasua.

Usipashe kupita kidogo tu juu ya pale sumaku inapoacha. Zima kwenye mafuta yaliyopashwa vuguvugu, si kwenye maji ya ndoo. Springi za gari hukubali mafuta. Kisha irudishe kwenye moto mdogo siku hiyohiyo.

Dalili: weldi ya bloku inachanika kama uzi pembezoni

Gusa weldi ya zamani kwa sumaku. Isiposhika, au ikishika kidogo tu, kuna aliyetumia rodi ya chuma cha pua: weldi yenye 17 juu ya bloku yenye 11, ikipoa husinyaa kuliko ukingo wake na kuung'oa. Ikishika kwa nguvu, tatizo linaweza kuwa rodi ya kawaida, ambayo mtanuko wake haujambo ila hunyonya kaboni ya bloku na kuwa ngumu kama kioo.

Saga yote mpaka chuma kipya kionekane. Tumia rodi ya chuma na nikeli, ile yenye nikeli kama asilimia 55. Ina usumaku, na mtanuko wake uko karibu na wa chuma cha kutupwa kuliko rodi ya nikeli tupu. Choma vipande vya sentimita mbili au tatu, gongagonga kila kipande kwa nyundo ndogo kikiwa bado cha moto, na usianze kinachofuata mpaka uweze kuweka kiganja pembeni yake. Ukimaliza, kifunike kwa majivu makavu na usikiguse mpaka kesho yake.